Mwenda Jean Bosco, kijana wa Bunkeya aliyefundisha Afrika gitare kwa vidole viwili

Mwezi wa tisa mwaka 1990, ajali ya gari nchini Zambia ilikatisha maisha ya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitare wa Katanga. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi. Alikuwa amekwisha kusikilizwa Nairobi, Marekani na Ujerumani, na wimbo wake mmoja, Masanga, ulikuwa umegeuka mtihani kwa vijana wengi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati waliotaka kuonyesha kwamba gitare wameiweza. Lakini wakati Bosco alipokuwa kijana, Mwafrika wa Katanga hakuwa na shule ya gitare ya kwenda. Alijifunza kwa masikio, kwa macho na kwa vidole viwili vya mkono wa kuume.

Mtoto wa Bunkeya

Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji mkuu wa zamani wa Bayeke, ambao leo uko katika mkoa wa Lualaba. Kabla ya Wabelgiji, Bunkeya ilikuwa makao ya Msiri, mfalme aliyetawala biashara ya shaba na pembe za ndovu hadi alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili. Msiri na watu wake walikuwa wametoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata njia za misafara. Jina Mwenda ni jina la heshima katika ukoo wa utawala wa Bayeke. Msiri alilibeba, na warithi wake wakalibeba baada yake.

Lugha ya Kiswahili nayo ilikuwa imepita katika njia hizo hizo. Baadaye, migodi ilipofunguliwa, ndiyo iliyokuja kuwa lugha ya kazi na ya site katika Katanga nzima. Jambo hilo litakuwa na uzito mkubwa katika maisha ya Bosco, kwani nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili, na ndiyo sababu watu wa mbali na Bunkeya waliweza kuzisikia na kuzielewa.

Mji wa karibu ulikuwa Jadotville, leo Likasi. Ulikuwa mji wa viwanda vya shaba, chini ya kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906. Kijana wa Bunkeya aliyetafuta masomo au kazi ya mshahara alielekea huko, au aliendelea mbele hadi Élisabethville, leo Lubumbashi.

Gitare inafika katika site

Gitare haikuwa chombo cha Bayeke. Ilifika Kongo kwa njia mbili kubwa. Upande wa magharibi, mabaharia na wafanyakazi kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi, wakiwemo Wakru wa Liberia, walikuja nayo katika bandari na katika kazi ya reli ya kutoka Matadi. Wanahistoria wengi wa muziki wanaona kwamba mtindo wa kupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada ulisafiri pamoja nao. Upande wa kusini, reli kutoka Afrika Kusini na Rodezia ilifika Élisabethville mwaka 1910, na kila treni ilileta watu, bidhaa na mambo mapya.

Migodi ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rodezia ya Kaskazini, kutoka Ruanda-Urundi na kutoka vijiji vya Katanga yenyewe. Kila mmoja alikuja na ngoma na nyimbo za kwao. Jumapili, siku ya mapumziko, watu hao walikutana. Anayejua likembe alikaa karibu na mwenye gitare, na mwenye gitare alimsikiliza.

Siku zile gitare ya dukani ilikuwa na bei kubwa kwa kijana asiye na kazi. Katika eneo lote la migodi ya shaba, pande zote mbili za mpaka, watoto walijitengenezea banjo zao: kopo la mafuta, kipande cha mbao kwa shingo, na nyaya nyembamba kwa nyuzi, mara nyingi nne tu. Sauti ya chombo hicho ilikuwa ndogo na kali, lakini kilimfundisha mtoto mambo ya kwanza: kubonyeza uzi kwa mkono wa kushoto, kuukwanyua kwa mkono wa kuume, na kutopoteza mwendo hata kidole kikikosea. Aliyefika kwenye gitare yenye nyuzi sita hakuanza bure kabisa.

Kulikuwa pia na redio na sahani za muziki, yaani santuri. Santuri za Kuba, kama zile za Trio Matamoros, zilipigwa katika baa na nyumbani kwa makarani. Sinema za makauboi zilionyesha wazungu wakiimba na gitare mkononi. Kutoka Lusaka, redio iliyotangaza kwa Waafrika ilipiga nyimbo za wapiga gitare kama George Sibanda wa Bulawayo. Bosco alichota katika visima vyote hivyo: muziki wa Kuba, sinema za makauboi, na juu ya yote nyimbo za asili za Katanga na za Zambia.

Kujifunza bila mwalimu

Mtu anayeanza gitare leo hutafuta mwalimu au video. Kijana wa Jadotville katika miaka ya 1940 alikuwa na njia nyingine. Alikaa mbele ya mpigaji, akatazama vidole, akanyamaza. Usiku, chombo kikiwa huru, alijaribu kukumbuka alichokiona. Alipokosea, masikio yake ndiyo yaliyomwambia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupatanisha nyuzi. Gitare isiyopatana inamdanganya mwanafunzi, kwani hata akiweka vidole mahali pake, sauti itatoka vibaya naye ataamini kwamba kosa ni lake. Kazi ya pili ilikuwa maumivu. Nyuzi za chuma hukata ncha za vidole vya mkono wa kushoto, na mwanzoni mtu hawezi kupiga muda mrefu. Ngozi huchukua siku nyingi kuwa ngumu. Wengi huacha hapo.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo moyo wa mtindo wa Katanga. Kidole gumba hukaa kwenye nyuzi nene na kutembea bila kusimama, kama mguu wa mtu anayecheza. Kidole cha shahada hupiga nyuzi nyembamba na kuimba. Vidole hivyo viwili havifuati hesabu moja. Kimoja kikihesabu mbili, kingine kinaweza kuhesabu tatu. Anayeanza hujikuta kidole gumba kimesimama kila mara shahada inapoanza kazi, au vyote viwili vinaanguka pamoja. Dawa ni kupiga polepole, kidole gumba peke yake kwanza, hadi mkono usahau kwamba unafanya kazi, kisha kuongeza sauti moja ya juu, kisha nyingine.

Kwa watu wa Katanga, jambo hilo halikuwa geni kabisa. Mpiga likembe hutumia vidole gumba viwili, kila kimoja na njia yake, na muziki hutoka mahali njia hizo zinapokutana. Ngoma nazo hufanya vivyo hivyo. Bosco alipoweka gitare mapajani, alikuwa na hesabu hiyo tayari masikioni mwake. Alichofanya ni kuihamishia kwenye nyuzi sita. Ndiyo maana mtu anayemsikiliza kwa mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili.

Na juu ya vidole hivyo aliimba. Kwa anayeanza, hapo ndipo kila kitu huvunjika, kwani sauti ya mdomo huvuta vidole kuifuata. Bosco aliweza kuacha vidole viende njia yao na mdomo uende njia yake, bila haraka, kama mtu anayezungumza na jirani mlangoni.

Siku moja ya 1952, Jadotville

Hugh Tracey alikuwa Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini. Alizunguka nchi nyingi na mashine yake ya kurekodi, akikusanya muziki wa Waafrika wakati ambapo wazungu wengi hawakuuhesabu kuwa muziki. Mwaka 1952 alifika Katanga. Katika barabara ya Jadotville alikutana na kijana akitembea na gitare yake. Alikuwa Bosco, mwenye miaka 22 hivi.

Tracey alimrekodi. Kati ya nyimbo zilizotoka katika safari hiyo ilikuwamo Masanga. Kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ilizitoa kwa alama ya Gallotone, na santuri zikaanza kusafiri kwa treni, kwa malori na ndani ya masanduku ya wafanyakazi waliorudi kwao.

Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba muziki wa dakika tatu hivi, si zaidi. Mpigaji aliyezoea kupiga usiku kucha kwenye sherehe alilazimika kuchagua. Bosco alijaza dakika zile kwa namna ambayo hata leo inawashangaza wapigaji: kila mara wimbo unaporudi mwanzo, vidole hubadilisha kitu kidogo. Besi inabaki, lakini sauti ya juu inapita pengine, inachelewa kidogo, inaruka, inajibu.

Ndani ya Masanga

Kwa karatasi, Masanga ni jambo jepesi. Hupigwa katika mkao wa Do, na akordi zake ni zile anazozipata kila anayeanza: Do, Fa na Sol. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaweza kuzishika zote tatu. Hapo ndipo mtego ulipo. Mkono wa kushoto haufanyi jambo la ajabu. Kazi yote iko kwenye mkono wa kuume na kwenye hesabu.

Mwanafunzi husikia mwendo mmoja, akaufuata, na baada ya sekunde chache anajikuta amepotea, kwa sababu alichokidhania kuwa mwanzo wa hesabu kilikuwa katikati yake. Anarudi mwanzo. Anapotea tena. Siku moja mguu wake unaanza kupiga chini mahali panapofaa, bila kuulizwa, na wimbo unafunguka. Wapigaji wa Katanga, wa Zambia na wa Kenya wamepitia hapo.

Ndiyo maana Masanga ilipata kazi ambayo pengine Bosco hakuipanga. Katika miji ambako hapakuwa na shule ya muziki wala cheti, wimbo huo ulichukua nafasi ya cheti. Kijana aliyeupiga vizuri mbele ya wenzake hakuhitaji kueleza zaidi.

Bosco hakuwa peke yake. Binamu yake Edouard Masengo naye alikuwa mpiga gitare na mwimbaji mkubwa, na Losta Abelo alikuwa na mkono wake mwenyewe unaojulikana. Watatu hao wanatajwa pamoja kila panapozungumzwa gitare ya Katanga ya miaka ya 1950 na 1960.

Nairobi inasikiliza

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi na kukaa huko kwa muda. Santuri zake zilikuwa zimemtangulia. Sasa watu wa Kenya walimpata redioni, katika kipindi chake, na wengine walimwona kwa macho. Masengo naye alifanya kazi Nairobi.

Kwa wapiga gitare wa Kenya, hasa vijana wa magharibi ya nchi ile waliokuja mjini kutafuta kazi, ujio huo ulikuwa jambo kubwa. Mpaka hapo walikuwa wakisikia santuri na kukisia. Santuri inatoa sauti, haionyeshi kidole. Mtu anaweza kusikiliza mwaka mzima na bado asijue kama sauti fulani imetoka kwenye uzi wa pili au wa tatu, kwa gumba au kwa shahada. Alipokaa mbele ya Bosco, aliona jibu. Kizazi kizima cha wapigaji wa Kenya kilibeba alama yake, kila mmoja akaichanganya na muziki wa kwao, pamoja na hesabu za litungu na nyatiti, vinanda vya nyuzi vya Waluhya na Wajaluo.

Kiswahili kilisaidia. Mwimbaji wa Lingala au wa Kibemba angehitaji mkalimani Nairobi. Bosco alieleweka, ingawa Kiswahili chake cha Katanga kiliwachekesha kidogo watu waliozoea kile cha pwani. Maneno yake yalihusu mambo ya kila siku, kama mapenzi, mama na mtoto, na maisha ya mji.

Uhuru, umeme na mshahara

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku 11 baadaye Katanga ilitangaza kujitenga chini ya Moïse Tshombe, na vita vikaendelea hadi Januari 1963. Watu wengi walihama, familia zikatawanyika, na mipaka ambayo wapiga gitare walikuwa wameizoea ikawa ya hatari.

Muziki wenyewe ulikuwa unabadilika. Kutoka Léopoldville, orkestra kama African Jazz na OK Jazz zilikuja na gitare za umeme, saksofoni, tumba na waimbaji wengi. Rumba ya Lingala ilijaza redio na baa. Mtu mmoja na gitare yake kavu hakuweza kushindana na kelele ya ukumbi wa dansi. Vijana walioanza kujifunza katika miaka hiyo walitaka gitare ya umeme na nafasi katika orkestra. Mtindo wa vidole viwili ulianza kuitwa muziki wa wazee.

Bosco aliendelea kupiga, lakini aliishi kwa kazi nyingine. Katika maisha yake alifanya kazi benki, alifanya kazi katika kompani ya migodi ya serikali, Gécamines, alisimamia orkestra za wengine, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Wakati santuri zake zilipotoka, wanamuziki wengi wa Afrika walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, hata kama santuri iliuzwa miaka mingi baadaye. Jina kubwa halikuwa na maana ya mkate wa kila siku. Bosco alilijua hilo na alijipanga.

Mwaka 1971 nchi ikawa Zaïre, na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka uliofuata, siasa ya authenticité ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya Kikristo. Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke, jina lililomrudisha moja kwa moja Bunkeya, na kwa jina hilo alijulikana rasmi hadi mwisho.

Wanafunzi kutoka mbali

Wakati vijana wa nyumbani walipokuwa wakigeukia umeme, watu wa mbali walianza kumchukua Bosco kama mwalimu. Mwaka 1961 na 1962, mtaalamu wa muziki David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchunguzi juu ya gitare ya Bosco. Alikuwa amesikiliza santuri na kuandika noti moja moja, akionyesha jinsi mpigaji huyo anavyobadilisha mwendo kila anaporudia. Kwa mara ya kwanza, vidole vya kijana wa Jadotville viliwekwa kwenye karatasi na kusomwa kama vile watu wanavyosoma kazi za watunzi wa Ulaya.

Mwezi wa saba 1969 Bosco alipanda jukwaani Newport, Marekani, katika tamasha kubwa la muziki wa asili. Wamarekani waliokuwa na wapigaji wao wa vidole, hasa wale wa blues, walimsikia mtu aliyefanya kazi kwa gumba na shahada kama wao, lakini kwa hesabu waliyokuwa hawajaizoea.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1979, mpiga gitare Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba. Vita vya Kolwezi vya 1978 vilikuwa bado vibichi, na uchumi wa Zaïre ulikuwa umeporomoka pamoja na bei ya shaba. Low hakuja kwa madini. Alikuja kujifunza gitare ya miaka ya 1950 kutoka kwa wenyewe, akiwemo Bosco. Alifanya kile kile ambacho vijana wa Jadotville walikifanya zamani: alikaa mbele ya mpigaji akatazama mkono. Kitabu chake juu ya safari hiyo, Shaba Diary, kilichapishwa Vienna mwaka 1982.

Safari hiyo inaeleza jambo ambalo karatasi za Rycroft, pamoja na uzuri wake wote, hazikuweza kulimaliza. Noti zinaonyesha kilichopigwa. Namna ya kukipiga, uzito wa gumba, kiasi cha kuchelewa kwa shahada, mahali mkono unapopumzika, hayo hupokewa kwa kukaa pamoja. Mgeni alivuka bahari kwa ajili ya hayo. Kijana wa Kenya au wa Lubumbashi alikuwa na mwalimu karibu zaidi, na hakuwa na hakika kwamba bado anamhitaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bosco alipiga Ujerumani, na mwishoni mwa miaka hiyo alirekodi tena nchini Afrika Kusini. Sauti yake ilikuwa imezeeka, lakini vidole vilikuwa bado na kazi yao. Albamu ya rekodi hizo ilitoka baada ya kifo chake.

Barabara ya Zambia

Bosco alikufa katika nchi ambayo muziki wake haukuwahi kuiona kama ugenini. Nyimbo za Zambia zilikuwa sehemu ya elimu yake ya kwanza, wafanyakazi wa migodi wa pande zote mbili walibadilishana mitindo tangu kabla hajazaliwa, na hoteli yake ilikuwa karibu na mpaka. Barabara hiyo aliijua. Septemba 1990 ikamchukua.

Alikufa katika mwaka mgumu. Miezi mitano kabla, Mobutu alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja, chuo kikuu cha Lubumbashi kilikuwa kimemwaga damu mwezi wa tano, na migodi ilikuwa ikielekea kubaya. Nchi ilikuwa na mambo mengi ya kulia.

Kile alichokiacha kiko mahali pengi. Rekodi za 1952 zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Nyingine zimetolewa upya Ulaya na Marekani. Uchunguzi wa Rycroft na kitabu cha Low viliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa London au wa Vienna anayetaka kuanza Masanga ana pa kuanzia.

Kijana wa Likasi naye anaweza leo kuisikia Masanga kwenye simu, jambo ambalo babu yake alilifanya kwa gramafoni ya jirani. Ana sauti, na akitafuta ana hata noti. Anachokosa ni kile Bosco alichokipata bila malipo katika site ya Jadotville: mtu mzima wa karibu aliyekaa na gitare, aliyeruhusu mtoto asiyejua kitu akae mbele yake na kutazama. Wazee waliomwona Bosco akipiga bado wapo katika miji ya Katanga, lakini waliokuwa vijana wakati wa Masanga sasa wamevuka miaka 80. Mkono unaoweza kuonyeshwa na wazee hao hautapatikana katika maktaba yoyote baada yao.

Kwa anayetaka kuanza, njia ya Bosco haikubadilika. Patanisha nyuzi. Shika Do. Acha kidole gumba kitembee peke yake hadi kisihitaji kuangaliwa. Kisha ongeza shahada, sauti moja tu, na usiharakishe. Ukipotea, rudi mwanzo. Na kama kuna mzee katika kata yako aliyewahi kushika gitare kavu, peleka kiti ukakae mbele yake.